Punguzo la madhara: kila pigo na hesabu yake

Barua za safari hii kuhusu Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, karibu zote zimeangukia sehemu moja: ile namba yenye mkwaju iliyoandikwa kwenye maelezo ya zimwi, 10/fedha, 5/kuponda, 2/—. Ni punguzo la madhara, na mezani tunaliita punguzo tu. Namba ya kushoto ni kiasi cha madhara kinachokatwa. Kulia ni kitu kinacholivunja punguzo. Palipo na kistari, hakuna kinacholivunja.

Najibu kwa kufuata Dungeons & Dragons toleo la 3.5, la mwaka 2003, kwa sababu ndilo wengi wenu mlilolitaja na ndilo tunalolicheza nyumbani kwangu Tanga Jumamosi jioni. Pathfinder ya mwaka 2009, mchezo uliojengwa juu ya kanuni hizo, inafuata njia ileile, isipokuwa pale nitakaposema. Wa toleo la tano msiondoke, barua yenu ipo.

Dada, salamu kutoka Nairobi. Mhusika wangu ni mwizi anayepigana kwa panga fupi mbili. Juzi tulikutana na mtu mbwamwitu mwenye punguzo 10/fedha. Nilimchoma mara mbili katika zamu moja, 7 na 6. Mimi nasema hiyo ni 13, toa 10, kaumia 3. Mwendesha mchezo wetu anasema sifuri. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nani yuko sahihi?

Mwendesha mchezo wako. Punguzo hukutana na kila pigo peke yake. La 7 likikatwa 10 hakuna kinachobaki, na la 6 vilevile. Kinachozidi hakihesabiwi popote: hakimwongezei zimwi uhai, wala hakisubiri pigo linalofuata.

Ukitaka ushahidi, tazama kile kipaji cha kurusha mishale kadhaa kwa mara moja. Mpiga upinde anarusha dadu moja tu ya kulenga, na bado kanuni inasema waziwazi kwamba punguzo linakatwa kwenye kila mshale. Kama mishale inayotoka upindeni pamoja haijumlishwi, michomo miwili ya mikono miwili itajumlishwa vipi? Pathfinder nao, katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 2011, waliongeza kipaji kinachomruhusu mpiga upinde kujumlisha mapigo yake yote ya zamu kwanza, kisha punguzo likatwe mara moja. Kipaji hicho kingekuwa hakina kazi kama kila mtu angekuwa na ruhusa hiyo tangu mwanzo.

Najua inauma. Kanuni hii inampendelea anayepiga mara moja kwa nguvu. Mpiganaji wenu mwenye upanga wa mikono miwili akipata 15, tano zinapita. Wewe unayefika 13 kwa mapigo mawili, huna kitu. Lakini mwizi ana njia zake, na hapa ndipo ningetaka uweke akili badala ya kubishana juu ya jumla.

Njia ya kwanza ni kuvizia. Madhara ya kuvizia yanaongezwa kwenye pigo la silaha kabla punguzo halijakatwa. Mwizi wa kiwango cha 5 anaongeza dadu 3 za pande sita. Tuseme zimetoa 11: pigo lako la 7 linakuwa 18, na mbwamwitu anaumia 8. Mwambie mwenzako asimame upande wa pili wa zimwi, ili nyote wawili mlibane katikati, na hesabu yako yote inabadilika.

Njia ya pili ni fedha yenyewe. Kuupaka upanga mfupi fedha ya kialkemia ni sarafu 20 za dhahabu juu ya bei yake, na kwa mishale ni sarafu 2 kila mmoja. Silaha ya fedha inapunguza madhara yako kwa 1. Kwa hiyo yale mapigo ya 7 na 6 yangekuwa 6 na 5, na yote 11 yangeingia. Kwa sarafu 40 ungekuwa na panga zote mbili. Mimi kila kikundi kipya nakiambia kinunue japo jambia moja la fedha kabla ya kununua kingine chochote cha anasa.

Mwulize pia mwendesha mchezo mambo mawili kwa upole. Huyo mtu mbwamwitu alizaliwa hivyo, au aling'atwa? Aliyezaliwa hivyo ana 10/fedha, aliyeambukizwa ana 5/fedha. Na alikuwa katika umbo gani? Akiwa mtu wa kawaida hana punguzo lolote. Analipata akiwa mbwamwitu au nusu kwa nusu.

Na kama kuna mkongwe mezani kwenu anayeapa kwamba upanga wa +1, yaani wa kichawi wenye nyongeza ya 1, unamjeruhi mtu mbwamwitu, hasemi uongo. Katika toleo la mwaka 2000 punguzo lake lilikuwa 15/fedha, na silaha ya +1 ilihesabiwa kuwa juu ya fedha, kwa hiyo ilipita. Mwaka 2003 waliliondoa jambo hilo: namba zikashuka, lakini fedha ikawa ni fedha kweli. Ugomvi mwingi ninaoletewa unatoka hapo, watu wawili wakisoma vitabu viwili kwenye meza moja.

Shikamoo mama. Nina upanga wa +1 unaowaka moto, na safari hii niliupaka sumu. Nilimpiga mtu mbwamwitu mwenye punguzo 10/fedha: upanga 9, moto 4. Mwenzangu anasema 9 na 4 ni 13, kwa hiyo 3. Mwingine anasema sifuri. Na sumu je? — Mombasa

Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosea: ni 4. Punguzo linakata madhara ya silaha. Halishughuliki na moto, baridi, umeme wala tindikali, hata kama vimekuja juu ya upanga uleule. Tisa za chuma zinakatwa zote, na nne za moto zinaingia nzima. Kwa sababu hiyohiyo mpira wa moto wa mchawi wenu haugusani na punguzo hata kidogo. Kuna ukinzani wa moto na kinga ya uchawi, lakini hayo ni mambo mengine yanayoandikwa mahali pengine kwenye maelezo ya zimwi.

Sumu inahitaji maelezo zaidi. Kanuni inasema punguzo likifuta madhara yote ya shambulio, linafuta pia mambo mengi yanayosafiri na pigo hilo: sumu inayoingia kwa jeraha, ugonjwa wa kuingia kwa jeraha, na lile pigo la mtawa linalomduwaza mtu. Haligusi sumu ya kuvuta kwa pumzi, ya kula au ya kugusa ngozi, wala haligusi kunyonywa uhai.

Sasa wewe umeleta kisa chenye utata, maana moto umeingia na chuma hakikuingia. Madhara yamefutwa yote au hayakufutwa? Ukisoma neno kwa neno unaweza kusema hayakufutwa yote, kwa hiyo sumu ifanye kazi. Mezani kwangu naamua kinyume. Sumu imekaa kwenye makali, na makali hayakukata nyama. Moto kumbabua ngozi hakufungui njia ya sumu. Ila kama zimwi hilo lilikuwa katikati ya kutamka uchawi, zile 4 za moto zinatosha kulilazimisha lirushe dadu ya utulivu, kuona kama uchawi wake utakatika. Pigo lililokatwa lote halivurugi uchawi, lakini moto uliobaki ni madhara kamili.

Dada, naomba jibu fupi: pigo kuu, lile la bahati linaloongeza madhara maradufu, linazidishwa kabla ya punguzo au baada? — Morogoro

Kabla. Upanga mrefu ukipata pigo kuu unarusha madhara mara mbili na kujumlisha, tuseme 9 na 8. Ni 17, toa 10, zinaingia 7. Ni pigo moja, punguzo moja. Dadu za kuvizia na za moto hazizidishwi, zinaongezwa kama zilivyo.

Salamu kutoka Zanzibar. Babariani wangu yuko kiwango cha 10, ana punguzo 2/—. Mchawi wetu amemrogea ngozi ya jiwe, 10/adamantini, ile metali ngumu ya kubuni. Je, sasa ana 12?

Hapana, hazijumlishwi. Mwenye punguzo kutoka sehemu mbili anatumia lile linalomfaa zaidi kwa pigo lililo mbele yake. Zingatia hayo maneno, pigo lililo mbele yake, kwa sababu hapo ndipo lile la babariani linapopata heshima yake.

Shoka la kawaida likimpiga 14, ngozi ya jiwe inakata 10 na anaumia 4. Adui mwenye upanga wa adamantini akimpiga 14, ngozi ya jiwe haina la kusema, lakini 2/— bado ipo kwa kuwa hakuna silaha inayolivunja, na anaumia 12. Kwa hiyo usilifute kwenye karatasi yako. Yapo mapunguzo machache ambayo maandishi yake yenyewe yanasema yanaongezwa juu ya mengine. Hayo fuata yalivyoandikwa. Yasiposema, hayaongezwi.

Kuna kitu kingine ambacho meza nyingi husahau. Ngozi ya jiwe inachakaa. Inazuia madhara 10 kwa kila kiwango cha mchawi, yasizidi 150, halafu inakwisha. Mchawi wa kiwango cha 7 anakupa 70. Mimi huweka komwe saba za bao mbele ya mchezaji, na kila shoka linapokatwa 10 kamili anarudisha moja. Pigo dogo, la 6 kwa mfano, linaandikwa pembeni mpaka litimize kumi. Mpwa wangu alizoea kuziona zikipungua, akawa anapanga mwenyewe lini arudi nyuma na lini aendelee. Uchawi huo unagharimu vumbi la almasi la sarafu 250 kila unapotamkwa, kwa hiyo mchawi wenu ana haki ya kujua umeutumiaje.

Assalaam aleikum kutoka Muscat. Tunapambana na mnyonya damu mwenye punguzo 10/fedha na uchawi. Mkono wa kulia nina upanga wa +1, kushoto jambia la fedha. Je, ninapita? Na kwa nini mashetani wengine wameandikiwa "na" na wengine "au"?

Wa aleikum salaam. Hupiti, si kwa kulia wala kwa kushoto. Penye "na", silaha moja lazima iwe na vyote viwili. Upanga wako ni wa kichawi lakini si fedha, jambia ni fedha lakini si la kichawi. Kila moja litakatwa 10. Suluhisho lipo karibu: mchawi au kasisi wenu alirogee jambia uchawi wa kuipa silaha nguvu, ule wa daraja la kwanza. Unadumu dakika moja kwa kila kiwango chake, na pambano haliishi hata dakika moja. Kama kuna mwenye upinde wa +1, mpeni mishale ya fedha. Mshale ukirushwa na upinde wenye nyongeza ya +1 au zaidi unahesabiwa kuwa wa kichawi, fedha unayo wenyewe, na mnyonya damu anaumia kamili.

Kuhusu "na" na "au", ukoo mmoja wa mashetani unatosha kuonyesha. Yule mwenye ndevu ana 5/fedha au wema: jambia lako la fedha pekee linamtosha. Mkuu wao wa shimoni ana 15/wema na fedha: unataka silaha ya fedha iliyobarikiwa kwa wema, na uchawi wa kasisi wa daraja la pili unaweza kuibariki. Balori, ambaye ni wa ukoo mwingine, ana 15/chuma baridi (chuma cha aina ya pekee) na wema, kwa hiyo hiyo fedha mliyoitafuta kwa jasho haimtishi. Mfalme wafu yule aitwaye lichi ana 15/kuponda na uchawi. Rungu la miiba la +1 linampata vizuri, kwa kuwa linaponda na kuchoma kwa pamoja, na panga zenu zote nzuri hazimpati.

Kama mnacheza Pathfinder, ongeza hili: silaha yenye nyongeza ya +3 inavunja punguzo la fedha na la chuma baridi, +4 inavunja la adamantini, na +5 inavunja hata la wema na uovu. Lazima iwe nyongeza ya silaha yenyewe. Uchawi mkubwa wa kuipa silaha nguvu kwa muda hauhesabiwi hapo, unavunja la kichawi tu. Mimi binafsi sikulipenda badiliko hili. Linampa mwenye upanga mmoja wa thamani ruhusa ya kutofikiri, na raha ya kufungua mfuko kutafuta jambia sahihi inapotea.

Sisi Kigali tunacheza toleo la tano, la mwaka 2014. Mpiganaji wangu ana kipaji cha deraya nzito kinachoondoa 3, na pia amerogewa ngozi ya jiwe inayopunguza nusu. Nimepigwa 17 kwa nyundo ya kawaida. Naanza na lipi?

Anza kwa kutoa, kisha gawa. Toleo la tano liliacha namba zenye mkwaju, likaweka ukinzani unaokata nusu, na linasema ukinzani unakuja baada ya marekebisho mengine yote. 17 toa 3 ni 14, nusu yake 7. Ungegawa kwanza ungepata 8, ukatoa 3, ukaumia 5. Nakuelewa kwa nini ungependa hivyo, lakini ni 7. Na tazama silaha: kipaji hicho na ngozi hiyo vyote viwili vinafanya kazi dhidi ya silaha zisizo za kichawi tu.

Dada yangu, mimi ndiye mwendesha mchezo, Dodoma. Jumamosi ijayo wachezaji wangu wataingia kwenye hazina inayolindwa na golemu wa chuma, sanamu inayotembea kwa uchawi, 15/adamantini. Hawana silaha ya adamantini. Je, niwaambie punguzo lipo, au niwaache wagundue? Rafiki yangu anasema kuwaambia ni kuharibu mchezo.

Waambie. Namba usiitaje, lakini wanachokiona wahusika wao waambie chote. Maelezo ya punguzo yenyewe yanasema jeraha linafunga papo hapo au silaha inadunda bila madhara, na kwamba mshambuliaji anajua shambulio lake halikufaa. Hiyo ni sehemu ya kanuni, sawa na ile 15. Anayekaa kimya anawanyima wachezaji kitu walichopewa na kitabu.

Mimi nina namna tatu za kusema, na nazitenganisha kwa makusudi. Pigo lililokatwa lote: "Upanga umelia, umerudi, chuma hakina hata mkwaruzo." Pigo lililopita kwa sehemu: "Umeacha alama, lakini mkono wako unajua ulitoa nguvu kubwa kuliko ulichokipata." Pigo lililovunja punguzo: hapo naeleza jeraha kamili, bila haraka. Baada ya raundi mbili wachezaji wangu wanajua wako wapi, na wanaanza kuulizana wana nini mfukoni. Huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote katika mchezo huu, na haufiki kama hawana habari kwamba kuna kitu kinazuia.

Anayetaka kujua zaidi arushe dadu ya maarifa: afikishe 10 jumlisha idadi ya dadu za uhai za zimwi, zile zinazopima nguvu zake, na kila 5 za ziada zinampa jambo jingine moja. Kwa golemu wa chuma ni mtihani mgumu, kwa hiyo weka habari mahali pengine pia. Mifupa ya waliotangulia, panga zimepinda na kuvunjika sakafuni, zote za chuma cha kawaida, itasema mengi kabla mtu hajachomoa silaha.

Na hali yenu si mbaya kama inavyoonekana. Silaha ya adamantini ni sarafu 3,000 za ziada, lakini mshale wake mmoja ni 60, na kikundi cha kiwango hicho kinaweza kununua kadhaa. Golemu huyu karibu uchawi wote haumwingii, ila umeme wa kichawi unampunguza kasi kwa raundi tatu. Mwonye mchawi wenu kwa njia ya hadithi kuhusu moto, kwa sababu moto unamponya na kumwondolea huo uzito. Halafu kuna kutu. Mashambulio ya kutu yanamfanyia kazi kama kawaida, hata lile zimwi dogo linalokula vyuma ambalo kila mpiganaji hulikimbia. Liweke limefungiwa kwenye chumba cha jirani, lisikike likikwangua mlango, na usiseme lolote zaidi.